Uvimbe wa Magoti na Viwiko: Matunzo ya Nyumbani na Mipaka Yake

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kila ufikapo msimu wa mavuno, malalamiko ya namna moja husikika vyamani. Mama aliyepalilia kwa magoti siku nyingi huamka na uvimbe laini juu ya pia ya goti. Mchukuzi wa magunia hushindwa kuinua mkono hata kuvaa shati. Katibu mwenyewe, aliyeegemeza kiwiko mezani tangu asubuhi akiandika stakabadhi, huona kama kifuko kimening'inia nyuma ya kiwiko chake. Mmoja husema ni baridi yabisi, mwingine husema ni jipu, na mwingine hunong'ona kwamba huo ni mkono wa mtu. Mara nyingi si lolote kati ya hayo.

Mwilini mwa binadamu mna vifuko vidogo zaidi ya 100, navyo vimekaa karibu na viungo, kati ya mfupa na ngozi au kati ya mfupa na kano. Ndani yake mna ute kidogo. Kazi yake ni kuzuia msuguano, kama grisi izuiavyo gurudumu la mkokoteni lisilike juu ya ekseli yake. Matabibu huita kifuko hicho bursa. Kikigandamizwa mno, kikisuguliwa kwa kazi ile ile kila siku, au kikigongwa, hukasirika na kujaa majimaji. Ndipo huitwa bursitisi. Jongo na baadhi ya magonjwa ya viungo huweza pia kuuleta uvimbe huo.

Dawa ya kwanza ni kukiondolea kiungo kile kilichokiumiza. Aliyeumia goti asipige magoti. Aliyeumia kiwiko asikiegemee. Aliyeumia bega asibebe gunia upande huo. Siku mbili au tatu za mwanzo, mgonjwa akande uvimbe kwa baridi kwa dakika 10 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Pasipo na barafu, kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya mtungi chatosha. Mwenye barafu aifunge kwanza katika kitambaa, isije ikaunguza ngozi. Bandeji iliyofungwa bila kubana hupunguza uvimbe. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, ilegezwe mara moja. Joto la uvimbe likiisha kutulia, kukanda kwa maji ya uvuguvugu huleta nafuu. Kiungo kisiachwe kikakakamaa: kikunjwe na kunyoshwa taratibu, kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Kwa maumivu, mtu mzima aweza kumeza kidonge kimoja au viwili vya parasetamoli vya miligramu 500, akiacha saa 6 kati ya kumeza na kumeza, wala asizidishe vidonge 8 katika saa 24. Mwenye maradhi ya ini amwulize mganga wa zahanati kwanza. Aspirini na aibuprofeni hazifai kutumiwa ovyo na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye maradhi ya figo, wala mama mjamzito. Tangawizi na manjano ni vyakula vyema, na havikatazwi mezani. Lakini visichukuliwe badala ya mapumziko. Kwa matunzo hayo, wengi hupata nafuu katika majuma machache.

Sasa yafuata mambo ya kukatazwa kabisa. Uvimbe usipasuliwe kwa wembe, usitobolewe kwa sindano ya nyumbani, wala usichanjwe chale. Majimaji yaliyomo si uchafu wa kutolewa, na tundu lililofunguliwa huwa mlango wa vijidudu. Kupaka samadi au udongo juu ya kidonda huweza kuleta pepopunda. Ikiwa majimaji yapaswa kutolewa, kazi hiyo ni ya tabibu mwenye sindano safi.

Kila mwanachama azijue dalili za hatari. Uvimbe ukiwa mwekundu na wa moto, maumivu yakizidi kila saa, homa ikipanda, usaha ukitoka, au kiungo kisikunjike hata kidogo, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hapo huenda vijidudu vimekwisha kuingia, na mgonjwa ahitaji dawa za kuua vijidudu. Akicheleweshwa, huweza kuenea hadi kwenye mfupa au damu. Mwenye kisukari au mwenye upungufu wa kinga ya mwili asingoje hata dalili zikomae. Na uvimbe usio na dalili hizo, lakini usiopungua baada ya majuma mawili ya matunzo, uonyeshwe kwa tabibu vilevile.

Yapo pia yaliyo mikononi mwa chama. Mkulima hapigi magoti kwa kupenda, wala mchukuzi hachagui bega moja kwa ukaidi. Gunia kuukuu lililojazwa majani makavu, likawekwa chini ya magoti wakati wa palizi, halina gharama. Mkokoteni mmoja wa chama wapunguza mizigo mabegani mwa watu wengi. Wapimaji na wachukuzi wabadilishane zamu, na katibu aweke kitambaa kilichokunjwa chini ya kiwiko chake.

Jambo gumu kuliko yote ni kukubali kupumzika wakati kahawa imeiva mtini. Mkulima huona kwamba siku kumi za kukaa ni hasara, naye hakosei. Ni hasara kweli. Lakini wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Siku kumi zaweza kufidiwa na majirani wakishika zamu ya kumchumia, na hiyo ndiyo maana ya ushirika. Goti lililoharibika halifidiwi na malipo ya msimu wowote. Basi katibu asomapo maneno haya katika mkutano wa wanachama, aulize pia nani ameumia, na nani atamshikia zamu.