Neno "Casual"

Ndugu zetu wa Kaloleni, Makongeni na Jericho,

Neno hili la Kiingereza twalisikia kila siku. Nguo za "casual" ni za kuvaa siku ya mapumziko. Jibu la "casual" ni lile la ovyo, lisilofikiriwa. Lakini mlangoni mwa kiwanda, "casual" ni kibarua, mtu wa kulipwa jioni na kuagwa.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimiza mwezi, huyo ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi, na haachishwi bila notisi ya siku 28. Basi, ndugu, kila mmoja aandike siku zake daftarini. Tukiitwa "casual" mwaka mzima, tuonyeshe hesabu yetu.