Msitu Wetu Uko Jikoni Mwetu
(Maneno ya Kamati ya Mazingira siku ya mkutano mkuu na harambee)

  

Tuanze na deni letu. Harambee iliyopita mlituchangia miche ya miti. Tuliipanda kwa shangwe, tukapiga picha, tukarudi Dar es Salaam. Kiangazi kilipoingia hapakuwa na wa kumwagilia, na mingi ikakauka. Kosa hilo ni letu kamati, na tunaomba radhi.

Tumekaa tukajiuliza: miti inakwenda wapi? Inakwenda jikoni. Kwenye tanuri la kienyeji, kilo 10 za mti hutoa kilo 1 au 2 tu za mkaa. Nyingine yote ni moshi na majivu. Gunia tunalonunua Mbezi au Kimara huenda limetoka Ruvu Kusini, msitu wa hifadhi ulio kati ya Kibaha na Kisarawe. Kwa hiyo tusimnyooshee kidole kijana wa nyumbani anayechoma mkaa apate ada ya mdogo wake. Anachoma kwa sababu sisi tunanunua.

Tunapoteza vitu visivyorudi upesi. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa. Pugu na Kazimzumbwi, Kisarawe, yupo komba wa Rondo, mnyama asiyefikia gramu 100, ambaye duniani kote anapatikana katika misitu michache ya pwani ya Tanzania tu. Na mto Ruvu, ingawa chanzo chake ni milima ya Uluguru, hupita kwetu. Maji yake husafishwa Mlandizi na kwenda Dar es Salaam. Mwaka 2022 mto uliposhuka, jiji liliingia kwenye mgao wa maji. Kingo zikiwa tupu, mvua hubeba udongo na kuujaza mtoni.

Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimetakiwa kuacha kuni na mkaa. Shule yetu bado inapikia kuni, na watoto wetu ndio wanaoagizwa kuja nazo.

Basi leo tunaomba mambo mawili.

La kwanza, jiko la gesi la shule, pamoja na gesi ya mwaka mzima wa kwanza. Tunasisitiza gesi ya mwaka mzima, kwa sababu jiko bila gesi ni kama miche bila maji: mtungi ukiisha, mpishi atarudi kwenye mafiga. Kuanzia mwaka wa pili, tunapendekeza wazazi wachangie fedha kidogo badala ya kuni, na kamati ya shule isome hesabu hizo mbele ya mkutano wa kijiji.

La pili, mizinga ya nyuki kwa vijana wanaochoma mkaa. Nyuki huhitaji miti iliyosimama, na mwenye mzinga msituni atakuwa mlinzi wa kwanza wa msitu huo. Asali yao tutainunua sisi wenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake. Tutawaomba wazee watuongoze katika hilo.

Nanyi mlioko mjini, mkirudi majumbani mwenu, punguzeni gunia. Mwenye uwezo wa mtungi mdogo wa gesi au jiko la umeme na aanze na chai ya asubuhi.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Mwakani tutasimama hapa na risiti mkononi, tuwaeleze kila shilingi ilikokwenda na kama moto wa gesi bado unawaka.

 Mungu aibariki Janga.