Kuwapeleka Watoto Ujiji



Nimetakiwa nizungumzie matembezi ya familia. Sisi wa Kasulu na Kibondo tukisikia neno hilo, mawazo hukimbilia Dar es Salaam, kwenye Makumbusho ya Taifa linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, na ambako pia mna ukumbi wa michezo ya kuigiza. Aliye na uwezo na aende. Lakini reli ya kutoka Kigoma hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,200, na mkulima wa maharage mwenye watoto sita hawezi kununua tiketi nane. Kwa hiyo nasema tuanze na Ujiji.

Pale Ujiji pana makumbusho ya Livingstone, na uani mwake imo miembe isemekanayo kuwa ilitokana na ule mwembe wa zamani ambao chini yake Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871. Zimo pia sanamu zao wakiamkiana. Watoto watazicheka, waacheni wacheke. Kisha waulizeni: mizigo ya wageni hawa ilibebwa na nani? Sanamu ni mbili, ilhali Stanley aliondoka pwani na msafara wa watu zaidi ya mia. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma, Susi na wenzao ndio walioubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi Bagamoyo.

Sasa nafikia jambo zito. Ujiji ni mji wa kale wa Waislamu, na pia ulikuwa kituo kikubwa katika njia ya pembe na watumwa iliyopita Tabora kwenda pwani. Mtoto mwenye akili atauliza: "Baba, wafanyabiashara hao walikuwa wakiswali kama sisi?" Wapo wazazi wanaomkemea mtoto wa namna hiyo, na wapo wanaomwambia kwamba habari hizo zote ni uzushi wa wamisionari. Sikubaliani nao hata kidogo. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed, aliandika mwenyewe habari za maisha yake kwa Kiswahili, wala hakuficha vita vyake. Rumaliza, aliyekuwa na nguvu kubwa Ujiji katika miaka ya 1880, alikuwa Mwislamu. Mjibuni mtoto: ndiyo, waliswali, na walilolitenda lilikuwa dhulma. Mkimficha, atayasoma sekondari, na siku hiyo ataanza kuyatilia shaka hata mengine mliyomfundisha. Mwambieni vilevile kwamba wengi walioletwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, walibaki Ujiji wakasilimu, na kwamba vizazi vyao ni ndugu zetu tunaoswali nao safu moja. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Hiyo si zamani sana.

Kuhusu michezo ya kuigiza, wako wanaoiona kuwa upuuzi. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1922, alikuwa na nchi nzima ya kuongoza, na bado alipata wasaa wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Nasi hatuhitaji jengo. Mkirudi nyumbani, watoto waigize safari ya Chuma na Susi mbele ya bibi na babu. Sehemu ya Livingstone apewe mtoto mtulivu, maana kwa muda mwingi atakuwa maiti.

Wa Kibondo ni vema walale Kasulu kwa jamaa usiku wa kuamkia safari. Lami ya kutoka Kasulu hadi Kidahwe imepunguza taabu, hivyo anayeondoka alfajiri ataona makumbusho asubuhi, ataswali adhuhuri Ujiji, na atapita Kibirizi kununua dagaa kabla ya kurejea.

Sasa nakaribisha maswali. Nitaanza na ya kina mama.