Msimbo Mmoja kwa Mitandao Yote

Malipo kwa simu huwa wazi pale mteja wa kampuni moja anapoweza kumlipa mteja wa nyingine bila kubadili laini wala benki. Tanzania haikuanza hivyo. M-Pesa ya Vodacom ilipoingia nchini mwaka 2008, kila mtandao ulijifungia: aliyetumiwa fedha kutoka mtandao mwingine alipokea ujumbe wenye namba maalumu, kisha akamtafuta wakala wa mtandao uliotuma. Tigo, Airtel na Zantel zilianza kuunganisha huduma zao mwaka 2014. Vodacom ikajiunga mwaka 2016.

Huo ulikuwa uwazi nusu, na aliyeumia ni mfanyabiashara mdogo, aliyelazimika kuwa na lipa namba, yaani namba ya kupokelea malipo, ya kila mtandao. Benki Kuu ya Tanzania ikajenga mfumo wa TIPS, unaounganisha benki na mitandao ya simu, pamoja na msimbo wa pamoja wa TANQR. Kwa muuza mchele wa Idodi, kando ya barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha, karatasi moja ya msimbo huo inatosha: mteja anaelekeza kamera, anaandika kiasi, anathibitisha.

Ulaya nako malipo kwa simu yalifunguliwa zaidi: Julai 2024, Apple iliahidi kisheria kwa miaka 10 kuruhusu benki na programu shindani kutumia chipu ya iPhone ya kulipa kwa kugusisha simu kwenye mashine.

Hata hivyo, uwazi hauondoi tahadhari: kabla ya kuweka namba ya siri, anayelipa kwa msimbo asome jina linalotokea kwenye simu. Likiwa si la muuzaji, asitishe muamala.