Jua Tunalo, Kasoro ni Kiungo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazee wenzangu wa madarasa yaliyopita, na ninyi wadogo zetu mnaolala sasa katika mabweni yale yale:

Katibu aliniandikia kwamba nina dakika 20, na kwamba nizungumze juu ya jambo ambalo fundi wa karakana analijua. Nimetii. Nitazungumza juu ya maji ya moto.

Kila aliyesoma hapa anaijua baridi ya Juni na Julai ya nyanda hizi za juu za kusini. Zipo asubuhi ambazo uwanja wa mpira huwa mweupe kwa sakitu. Hata hivyo, ifikapo saa nne mbingu hazina wingu na jua linachoma kisogo. Saa hiyo hiyo moshi unapanda jikoni, kuni zikichemsha maji ya kuoshea vyombo na ya kuogeshea wagonjwa wa zahanati yetu. Jua liko juu ya paa, kuni ziko chini ya paa, na baina yao hakuna uhusiano wowote.

Mbele ya mkutano huu zipo hoja mbili. Ya kwanza yasema tuchange fedha tununue mitambo ya jua iliyokwisha tengenezwa. Ya pili yasema tutengeneze wenyewe katika karakana ya shule. Mimi naiunga mkono hoja ya pili, lakini kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo hotuba yangu.

Jambo hili si geni

Asidhani mtu kwamba tunataka kujaribu miujiza. Mwaka 1767 mtaalamu wa Uswisi, Horace-Bénédict de Saussure, alitengeneza masanduku ya vioo ili kupima joto la jua linalonaswa ndani yake. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya matangi ya maji yaliyowekwa ndani ya sanduku lenye kioo. Matangi yale yalipata moto mchana, lakini usiku yakapoa. Mwaka 1909 William Bailey wa California akaitatua shida hiyo kwa kutenganisha kazi mbili: mabomba ya kupata joto yakabaki juani, na tangi la kutunza maji likawekwa mahali pake, limefunikwa vizuri lisipoteze joto. Mtambo tunaoufikiria leo ni mjukuu wa ule wa Bailey.

Sehemu zake ni chache. Lipo sanduku bapa. Juu yake kipo kioo cha dirisha, ambacho hupitisha mwanga wa jua na kuzuia joto lisitoroke. Ndani yake lipo bamba la chuma lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Juu ya bamba, au chini yake, yamelazwa mabomba ya maji. Nyuma ya bamba kuna unene wa sentimita 5 hivi wa kitu cha kuzuia joto, kama vile sufi au maranda makavu. Sanduku hili nitaliita paneli.

Hesabu ya kuni na ya jua

Kupasha lita 100 za maji kwa nyuzi 30, yaani kutoka nyuzi 16 hadi 46, kunahitaji kilowati-saa 3 na nusu za joto. Kwa moto wa mafiga matatu, ambao sehemu kubwa ya joto lake hupotea hewani, kazi hiyo hula kama kilo 7 za kuni kavu. Tukihitaji lita 500 kwa siku, tunachoma kilo 35 kila siku iendayo kwa Mungu.

Sasa tulitazame jua. Siku ya anga safi, adhuhuri, kila mita moja ya mraba iliyolielekea jua hupokea karibu wati 1,000. Tukichukua kilowati-saa 5 kwa mita ya mraba kwa siku nzima, na paneli ikatupatia sehemu 40 tu katika kila 100, tunapata kilowati-saa 2. Basi lita 500 zahitaji mita za mraba 9, yaani paneli sita za mita moja na nusu kila moja. Shule yenye karakana haishindwi na paneli sita.

Mahali joto linapokwama

Hapa ndipo penye sharti langu. Watu wengi huulizana habari za kioo, za rangi na za ukubwa. Hayo yote yana maana. Lakini jua likishapita kwenye kioo na kunaswa na rangi nyeusi, joto liko katika bamba, wala si katika maji. Lazima lisafiri mara tatu: litembee kando ndani ya bamba mpaka kwenye bomba, livuke kutoka bamba hadi bomba, kisha litoke katika bomba liingie majini. Paneli ya bei nafuu hushindwa mara nyingi katika safari ile ya pili.

Niliwahi kuona paneli katika zahanati moja ya vijijini. Kioo kilikuwa safi, rangi nzuri, sanduku limeungwa kwa ustadi. Bamba lilikuwa linaunguza mkono, na maji yalikuwa vuguvugu. Mabomba yalikuwa yamelazwa juu ya bati lililonyooka na kufungwa kwa waya hapa na pale. Bomba la mviringo likilala juu ya bati bapa hugusana nalo kwenye mstari mwembamba tu kama uzi. Kwingine kote kati yao kuna hewa.

Na hewa, ndugu zangu, ni adui asiyeonekana. Chuma hupitisha joto mara 2,000 kuliko hewa iliyotulia. Kwa hiyo upenyo wa hewa wa sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya daftari, huzuia joto sawasawa na pande la chuma lenye unene wa sentimita 20. Fundi anayeuacha upenyo huo amejenga ukuta ndani ya mtambo wake.

Mwaka 1965 wataalamu Whillier na Saluja walichapisha majaribio yao juu ya jambo hili hili. Walionyesha kwamba kufunga bomba kwa waya au kwa vibano peke yake hupunguza sana kazi ya paneli. Wakasema kiungo chema ni cha chuma kwa chuma, chenye kupitisha zaidi ya wati 30 kwa kila mita ya bomba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Sasa pigeni hesabu pamoja nami: ukanda wa upana wa sentimita 2, wenye hewa ya nusu milimita kati ya bati na bomba, hupitisha wati 1 tu. Nimeikokotoa paneli ya bati la nusu milimita, yenye mabomba ya nusu inchi kila baada ya sentimita 10 na kioo kimoja. Katika kila sehemu 100 za joto ambazo bamba kamilifu lingeyapa maji, kiungo chema huyapa 80, na kiungo kile cha hewa huyapa 50. Tofauti hiyo yamaanisha kwamba badala ya paneli sita tutahitaji kumi. Paneli nne zitakuwa zimeliwa na upenyo usioonekana kwa macho.

Kwa hiyo wadogo zangu wekeni akilini kanuni hii: bamba likiwa la moto sana wakati maji yake ni vuguvugu, hiyo si sifa. Ni bamba lililoshindwa kuutua mzigo wake, na joto lile linarudi nje kupitia kioo.

Chuma chetu chatosha

Wapo watakaosema kwamba dawa ni shaba nyekundu. Ni kweli, shaba hupitisha joto kama mara nane kuliko chuma, na alumini zaidi ya mara nne. Lakini bei ya shaba mnaijua, na wezi wa shaba mnawajua pia. Chuma kina udhaifu katika safari ya kwanza tu, ile ya kutembea kando ndani ya bamba, na tunaweza kuifupisha. Kwa bati la nusu milimita, mabomba yakitengana sentimita 15, bamba hufikisha kwenye mabomba sehemu 71 tu katika 100. Yakitengana sentimita 10, hufikisha 86. Bamba la alumini la unene huo huo, mabomba yakitengana sentimita 15, lingefikisha 90. Mabomba machache ya ziada yametuondolea gharama kubwa.

Tena msichanganye madini ovyo. Maji yaliyopita katika shaba yakiingia katika bomba la chuma lililopakwa zinki hula ile zinki, na bomba huoza kabla ya wakati wake. Paneli na iwe ya aina moja.

Kiungo chenyewe tukifanye hivi. Tuchonge kalibu ya mbao ngumu yenye mfereji, tulaze bati juu yake, tuweke nondo yenye unene wa bomba, tupige kwa nyundo ya mbao mpaka bati likumbatie nusu ya mzunguko wa bomba. Kila mfereji hula sentimita moja na robo ya upana wa bati, kwa hiyo bati likatwe kwa kuzidisha kiasi hicho. Mahali pa kugusana pasuguliwe mpaka pang'ae, wala pasipakwe rangi. Kisha bomba lifungwe kwa waya kila sentimita 10, na baada ya hapo litiwe lehemu kwa urefu wake wote, si kwa matone. Waya hushikilia, lehemu hupitisha joto. Rangi nyeusi ije mwisho kabisa, tena iwe tabaka jembamba. Mabomba ya juu na ya chini yanayokusanya maji yatachomelewa nje penye upepo, kwa sababu moshi wa zinki huleta homa.

Nimeulizwa habari za mabomba meusi ya plastiki. Plastiki haipitishi joto kando, kwa hiyo haifai kuwekwa juu ya bamba. Lakini mabomba hayo yakipangwa yamebanana bila nafasi, kila bomba likipigwa na jua lenyewe, maji yatapata joto, maana ukuta wake ni mwembamba. Ila yasiwekwe chini ya kioo. Paneli isiyo na maji chini ya jua kali yaweza kupita nyuzi 100, na plastiki hiyo italegea.

Mambo ya kuangalia juu ya paa

Mtambo huu hauna pampu. Maji ya moto ni mepesi, hupanda. Ya baridi ni mazito, hushuka. Kwa hiyo kitako cha tangi kiwe juu ya kichwa cha paneli kwa sentimita 30 angalau, la sivyo usiku maji yatazunguka kinyume na kupoa. Bomba la maji ya moto lipande moja kwa moja bila mnyonge wala mbonyeo, kwani hewa ikinaswa humo mzunguko wote husimama. Maji yaingie paneli chini upande mmoja, yatoke juu upande wa pili, ili kila bomba lipate zamu yake. Paneli zielekee kaskazini, zikiinama kama nyuzi 20, kwa kuwa miezi yetu ya baridi ndiyo ambayo jua limekwenda kaskazini.

Tuikumbuke na sakitu. Maji yakiganda huongezeka karibu sehemu 9 katika 100, na mabomba ya chuma hayastahimili hilo. Kwa hiyo tuweke koki za kuzitenga paneli na tangi, na koki ya kumwaga, na usiku wa hatari awepo mwanafunzi wa zamu wa kuzifunga na kuzifungua asubuhi. Mwisho, maji haya ni ya kuoga na kuoshea. Yasinywewe wala kupikiwa, hasa ikiwa lehemu ina risasi.

Ombi langu

Ndugu Mwenyekiti, siombi chama kipitishe paneli sita leo. Naomba zipitishwe fedha za mbili ndogo tu. Vijana wa kidato cha tatu wazitengeneze sawasawa kwa sanduku, kioo, rangi na kipimo cha maji. Tofauti iwe moja: ya kwanza mabomba yake yafungwe kwa waya juu ya bati bapa, ya pili yalazwe katika mifereji na kutiwa lehemu. Ziwekwe bega kwa bega, vipimajoto visomwe kila saa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri kwa wiki mbili, na matokeo yabandikwe ukutani katika maabara ya fizikia. Ikiwa tofauti itaonekana, tutajua namna ya kutengeneza zile sita, na vijana waliozipima ndio watakaozitunza. Mtambo ulionunuliwa ukiharibika humngoja mgeni. Uliotengenezwa hapa utakuwa na fundi wake bwenini.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba chenye tundu hakijai, hata ukimwagia jua zima la Juni. Tuzibe tundu kwanza, ndipo tuchange.