Daktari Aliyeukubali Ukweli

Somo: 2 Samweli 12:1–13

 

Somo letu latoka katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Ni habari mnayoijua. Mfalme Daudi alikuwa ametenda uovu mkubwa, naye akaufunika. Nabii Nathani akaenda kwake na kesi ya tajiri mwenye kondoo wengi, aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi alikasirika, akahukumu papo hapo, asijue kwamba kesi ile ilikuwa yake mwenyewe. Nathani alipomfunulia jambo, mfalme angaliweza kumfunga nabii, au hata kumwua. Hakufanya hivyo. Alikiri.

Leo twapenda kuwasimulia habari za mtu mwingine aliyeletewa kesi, akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akaona kwamba inamhusu yeye. Huyu hakuwa mfalme. Alikuwa daktari wa kupasua vifua.

Jina lake ni Evarts Graham, naye alifanya kazi katika hospitali ya Barnes, mjini St. Louis, Marekani. Siku zile mtu aliyeambiwa ana saratani ya mapafu alikuwa kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo. Kifua si kama tumbo. Kikifunguliwa, hewa huingia na pafu husinyaa, na mishipa mikubwa ya damu itokayo moyoni iko pale pale kisu kinapopita.

Mwaka 1933 alifika kwake mgonjwa aliyeitwa James Gilmore, mwenye umri wa miaka 48, mkazi wa Pittsburgh. Yeye naye alikuwa daktari, kazi yake kuzalisha akina mama. Alionekana kuwa na saratani katika pafu la kushoto. Kabla ya kupasuliwa alirudi nyumbani kutengeneza mambo yake. Husimuliwa kwamba alinunua kiwanja cha kaburi lake, na katika safari hiyo hiyo akaenda kutengenezwa meno. Basi mtu huyu alijiandaa kufa na kuishi pia.

Tarehe 5 Aprili 1933 Graham alikifungua kifua chake. Alikusudia kuondoa sehemu tu ya pafu, lakini alipotazama ndani aliona ugonjwa umepita mahali alipotarajia. Hapakuwa na njia ila kuliondoa pafu zima. Alifunga mishipa na njia ya hewa, akalitoa pafu, kisha akaondoa na mbavu kadhaa ili ukuta wa kifua ushuke na kuijaza nafasi iliyobaki wazi. Kabla ya siku ile hakuna mgonjwa wa saratani aliyekuwa ameondolewa pafu zima kwa upasuaji mmoja akapona. Gilmore alipona. Alirudi kwenye kazi yake ya kuzalisha, akaishi miaka 30 mingine kwa pafu moja.

Wapendwa, kama habari ingeishia hapo, tungemsifu Mungu kwa mikono ya daktari, tukaimba na kwenda zetu. Lakini Nathani alikuwa bado hajafika.

Graham mwenyewe alikuwa mvutaji wa sigara, na alikuwa amevuta tangu ujana wake. Katika miaka ile aliona wagonjwa wa saratani ya mapafu wakizidi kuongezeka. Wako waliosema ni sigara. Yeye hakusadiki. Husemekana alijibu kwa mzaha kwamba hata soksi ndefu za nailoni za wanawake zimeongezeka kuuzwa, je, nazo zinaleta saratani?

Ndipo akaja kwake mwanafunzi wa udaktari, kijana aliyeitwa Ernst Wynder, akiomba ruhusa ya kuwahoji wagonjwa. Angalieni jambo hili. Mzee mwenye sifa duniani kote, na mvutaji wa sigara, aombwa na kijana ambaye bado hajahitimu ruhusa ya kuichunguza sigara. Ingalikuwa rahisi kumwambia aende akasome kwanza. Graham alimpa ruhusa, kisha wakashirikiana. Waliwauliza wagonjwa wa saratani ya mapafu na wagonjwa wa magonjwa mengine maswali yale yale: umevuta nini, kiasi gani, kwa miaka mingapi.

Majibu yalichapishwa mwaka 1950, yakiwa na habari za wagonjwa 684 wa saratani ya mapafu. Walio wengi sana miongoni mwa wanaume walikuwa wamevuta sigara nyingi kwa miaka mingi. Mwaka huo huo, mjini London, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha uchunguzi wao, nao ulielekeza kidole pale pale. Mwaka 1953 Graham na wenzake walitangaza kwamba walipaka lami ya moshi wa sigara juu ya migongo ya panya, na saratani ikatokea.

Hapo Graham hakutafuta pa kujificha. Alikuwa ameiacha sigara, akawa anawaonya wengine kwa jina lake mwenyewe juu ya kile alichokifanyia mzaha. Lakini alikuwa amevuta kwa muda wa miaka 50. Mapema mwaka 1957 saratani ilionekana katika mapafu yake yote mawili, isiweze kuondolewa kwa kisu alichowafundisha wengine kukitumia. Alimwandikia rafiki yake, daktari mpasuaji Alton Ochsner, kwamba ugonjwa umemjia kama mwizi wa usiku, maneno ambayo kila msomaji wa Biblia anayajua. Alikufa tarehe 4 Machi 1957, akiwa na umri wa miaka 73. Gilmore, mgonjwa wake, aliishi mpaka mwaka 1963.

Mtu aweza kuuliza: basi kukiri kwake kulimfaa nini? Ndugu msikilizaji, tusijibu upesi. Daudi alikiri, akasamehewa, na bado mtoto akafa. Msamaha wa Mungu ni kweli, na mavuno ya tulichopanda yaweza kuwa kweli pia. Ila kukiri kwa mtu mmoja huwafungulia wengine mlango. Yule Richard Doll wa London naye alikuwa mvutaji. Aliacha sigara uchunguzi wake ulipokuwa ukiendelea, naye akaishi mpaka mwaka 2005, miaka 92. Yeye na wenzake waliwafuata madaktari wa Uingereza tangu mwaka 1951, na hesabu ya miaka 50 ilitolewa mwaka 2004. Ilionekana kwamba waliodumu kuvuta walikufa mapema kwa miaka kama 10. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea kama miaka 3; aliyeacha akiwa na 50, miaka 6; na aliyeacha akiwa na 40, miaka 9. Kwa hiyo wewe unayesema, "Nimeshachelewa," umesikia.

Sasa twataka kukiri na sisi.

Katika usharika mmoja tuliouchunga palikuwa na mzee wa kanisa aliyeimba sauti ya chini katika kwaya. Alivuta sigara kwa siri nyuma ya nyumba yake, kisha akatafuna pipi ya mnanaa kabla ya mazoezi. Sote tulijua, wala hatukumwambia neno mbele yake. Tulisema nyuma yake. Alipoanza kukohoa tulimwambia ni baridi ya alfajiri. Alipewa dawa za kifua kikuu, lakini hakupata nafuu. Alikuwa akikohoa ndani ya kitambaa, akikikunja upesi mfukoni ili mkewe asione damu. Aliona haya. Alijua tutakayoyasema. Alipofikishwa kwenye hospitali kubwa ilikuwa saratani ya mapafu, nayo ilikuwa imekwisha kuenea.

Siku moja tulikaa kando ya kitanda chake. Alituuliza, "Mchungaji, je, nyinyi mmeshaamua kwamba nilijitakia?" Tukanyamaza, kwa maana tulikuwa tumeamua. Kisha akasema, "Siku ya kunizika msiseme kifua tu. Semeni ukweli, vijana wa kwaya wausikie." Tulimwahidi. Na siku ya maziko tulisimama mbele ya watu, tukatazama nyuso zile, tukasema kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi.

Leo, kwa ruhusa ya mkewe, twaitimiza ahadi yetu. Hakuugua kwa muda mfupi. Aliugua muda mrefu katikati yetu akiwa peke yake, na haya tuliyomtia sisi ilimchelewesha kwenda kwa daktari.

Na kuchelewa kuna gharama. Tangu siku za Graham kazi ya kupasua kifua imeendelea sana. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2011, wa watu zaidi ya 53,000 waliovuta sana, ulionyesha kwamba waliopigwa picha za CT kila mwaka walipungukiwa na vifo vya saratani ya mapafu kwa 20 katika kila 100, kuliko waliopigwa eksirei ya kawaida. Na mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi mwingine: uvimbe usiozidi sentimita 2, ulio pembeni mwa pafu na usioenea, waweza kuondolewa pamoja na kipande kidogo tu cha pafu, na mgonjwa akaishi sawasawa na yule aliyeondolewa sehemu kubwa. Gilmore alipoteza pafu zima; leo anayewahi aweza kupoteza kipande. Lakini daktari hawezi kukipasua kikohozi kilichofichwa mfukoni.

Basi, wapendwa, kikohozi kikipita wiki mbili au tatu, au makohozi yakiwa na damu, au ukikonda na kuishiwa pumzi bila sababu, nenda ukapimwe. Kifua kikuu na saratani hufanana kwa dalili. Kama umemeza dawa za kifua kikuu na huoni nafuu, usikate tamaa wala usikae nyumbani; rudi, uombe kuchunguzwa zaidi. Wako pia wanaougua saratani hii ambao hawakugusa sigara hata siku moja, kwa hiyo tusiwaulize wagonjwa maswali ya mahakamani. Na wewe uvutaye, sheria ya nchi yetu ya mwaka 2007 yakukataza kuvuta hadharani, lakini sheria haiwezi kukufuata nyuma ya nyumba yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, naye akusaidie kuacha.

Nasi tulio kanisani, tukimwona ndugu anakohoa, tumsindikize hospitalini, tukae naye kwenye benchi. Nathani alikwenda kwa Daudi mwenyewe. Hakwenda sokoni kumsema.

Na tuombe.

Ee Mungu, uliyetupulizia pumzi ya uhai, twakushukuru kwa madaktari na wauguzi, na kwa wote wanaotafuta ukweli hata ukiwahukumu wao wenyewe. Utusamehe tuliowatia wagonjwa haya. Uwape ujasiri wanaoficha maumivu yao, uwape nguvu wanaotaka kuacha, na uwe karibu nao wanaovuta pumzi kwa taabu asubuhi hii. Utupe neno la kweli na moyo wa upendo, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.