Kilomita Zisizo na Mfadhili: Baiskeli na Mwendo wa Shule katika Nyika ya Mpanda



Safari za hisani zimekuwa jambo la kawaida nchini Tanzania. Kundi la watu, mara nyingi vijana wa shule au wafanyakazi wa shirika fulani, hujitoa kwenda umbali mrefu kwa miguu au kwa baiskeli, na wafadhili huahidi kiasi cha fedha ili juhudi hiyo izae dawati, kisima au dawa. Tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa Kili Challenge, ambapo baadhi ya washiriki huupanda Mlima Kilimanjaro na wengine huuzunguka kwa baiskeli, na fedha zinazopatikana huelekezwa katika mapambano dhidi ya UKIMWI. Mwaka 2019 ilianza safari ya Twende Butiama, ya waendesha baiskeli wanaotoka Dar es Salaam hadi kijiji alichozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, wakimkumbuka na kuchangia shule zilizo njiani.

Desturi yenyewe ina mizizi ya zamani zaidi. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, vijana kutoka pande mbalimbali za nchi walitembea kwa miguu kuliunga mkono, na mmoja wao, Seth Benjamin, alifariki dunia kabla ya kufika mwisho wa mwendo wake. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Mwalimu naye alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, kuhudhuria Mkutano Mkuu wa TANU. Tangu wakati huo Watanzania wanaelewa bila kuelezwa kwamba mtu akijichosha hadharani kwa ajili ya jambo fulani, analipa jambo hilo uzito.

Lakini mtu akiiona timu ya namna hiyo ikipita Mpanda, na vijana wake wamevaa fulana zinazofanana huku gari la maji likiwafuata nyuma, atakutana pia na waendesha baiskeli wengine. Yupo baba aliyefunga magunia mawili ya mpunga juu ya keria na anausukuma mzigo huo kilimani kwa mikono miwili. Yupo Mkonongo anayetoka Inyonga na madumu ya asali, na Msukuma anayekwenda mnadani. Yupo msichana wa kidato cha pili aliyepakiwa nyuma ya kaka yake, daftari zikiwa kifuani. Hao hawana mfadhili wa kilomita hata moja, na ni juu yao mada hii inahusika.

Kwanza ni vema kuielewa nchi yenyewe. Mkoa wa Katavi, ulioundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, una eneo la kilomita za mraba zipatazo 45,843. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Idadi imezidi mara mbili katika miaka kumi, na bado msafiri anaweza kupita kwa saa nyingi katika misitu ya miombo bila kuona moshi wa jiko. Utupu huo haukuletwa na uhaba wa mvua wala ubovu wa udongo, kwa kuwa ardhi ya Mpanda hutoa mahindi, mpunga na tumbaku. Uliletwa kwa kiasi kikubwa na mbung'o. Katika miaka ya 1920 na iliyofuata, ugonjwa wa malale ulipoenea magharibi mwa Tanganyika, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi maalumu. Mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa pori, na pori likazidi kuwa makao ya wanyama na ya mbung'o wenyewe.

Reli nayo haikuja kwa ajili ya wakazi. Madini ya risasi yaligunduliwa karibu na Mpanda katika miaka ya 1930, na tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita zipatazo 210, lilifika Mpanda mwaka 1950 ili kuyabeba. Mgodi ulifungwa muongo mmoja baadaye. Reli ikabaki, ikawa mlango mkuu wa wilaya iliyotengwa na sehemu nyingine za nchi kila masika yalipokata barabara. Barabara ya Tabora kupitia Sikonge, Koga na Inyonga, ambayo kwa miaka mingi madereva waliihofia kwa mchanga, tope na upweke wake, ilipata lami na kuzinduliwa mwaka 2022. Hata hivyo lami hupita kwenye njia kuu tu. Kutoka njia kuu hadi kitongojini, chombo cha kutegemewa kwa mtu wa kawaida kimekuwa baiskeli, ingawa siku hizi pikipiki inaifuata kwa kasi kwa yule mwenye nauli.

Upande huu wa historia unaligusa Kanisa la Kilutheri kwa karibu. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwafukuza watu wengi sana kutoka nchi yao, nao wakavuka mpaka kuingia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi magharibi mwa nchi: Ulyankulu huko Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo. Kazi ya kufungua makazi hayo ilifanywa kwa makubaliano ya pande tatu, yaani Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na TCRS, chombo kilichoundwa mwaka 1964 na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kuhudumia wakimbizi nchini Tanganyika. Mishamo peke yake ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,050 na vijiji 16. Barabara zilipasuliwa msituni, visima vikachimbwa, shule za msingi na zahanati zikajengwa, na kila familia ikapewa ardhi ya kulima.

Anayetaka kujua baiskeli ina maana gani katika nyika aangalie ramani ya makazi hayo. Nyumba zilipangwa kufuata barabara, kila moja ikiwa na shamba lake, hivyo kijiji kimoja kiliweza kunyooka kwa kilomita nyingi. Mpango huo ulikuwa mzuri kwa kilimo na mgumu kwa miguu. Mkulima aliyeuza mazao yake vizuri alinunua baiskeli mapema kuliko bati la nyumba, na hakukosea. Baiskeli ndiyo iliyompeleka mama mwenye uchungu zahanati, ikapeleka mahindi stesheni na kumpeleka mwinjilisti kwenye mtaa wa mbali siku ya Jumapili. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo ya zamani walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na kuanzia mwaka 2014 walianza kukabidhiwa vyeti vyao. Walioingia nchini wakiwa wamebebwa mgongoni sasa ni wazazi wenye watoto katika shule za sekondari.

Na hapo ndipo ulipo ugumu wa leo. Shule ya msingi mara nyingi iko kijijini. Sekondari iko katani. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulijenga shule za kata kwa wingi, na kuanzia mwaka 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne. Milango ilifunguliwa, lakini kata ya Katavi inaweza kuwa pana kuliko wilaya nzima ya kwingineko. Mwanafunzi anayeishi kilomita nane kutoka shuleni huenda na kurudi kilomita 16. Mwaka wa masomo una siku 194. Hesabu yake ni kilomita 3,104, umbali unaokaribia kwenda Butiama kutoka Dar es Salaam na kurudi, nao hurudiwa kila mwaka kwa miaka minne, katika jua la Septemba na tope la Machi, na kwa wengi bila chakula cha mchana.

Wazazi wameutafutia ugumu huo ufumbuzi wao. Humpangia mtoto chumba karibu na shule, kile ambacho wanafunzi wenyewe hukiita gheto. Hujipikia, hujitafutia kuni, hulala bila mtu mzima wa kuwaangalia. Kwa mvulana ni maisha magumu. Kwa msichana ni hatari iliyo wazi, maana asiye na unga mwishoni mwa wiki hupatiwa unga na mtu mwenye nia yake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba Katavi ndio uliokuwa mkoa wenye kiwango cha juu kuliko yote cha mimba za utotoni: kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Wastani wa nchi ulikuwa 27. Umbali wa shule si sababu pekee ya jambo hilo. Umaskini upo, na desturi ya kuoza mapema ipo. Lakini kati ya sababu zote, umbali ndio unaoweza kupunguzwa kwa chombo chenye magurudumu mawili. Mwezi Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi katika shule za kawaida, na kwa hiyo wapo leo wanafunzi wanaokwenda shule wakiwa wameacha mtoto mchanga kwa bibi. Hao mwendo wa saa mbili unawaelemea maradufu.

Basi timu ya shule ikiamua kuendesha baiskeli kwa siku kadhaa katika nchi hii, kwa mfano kutoka Mpanda hadi Sumbawanga, itakutana na nini? Itatoka mjini hadi Sitalike, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1974 na sasa ina kilomita za mraba 4,471. Barabara kuu hupita ndani ya hifadhi hiyo. Wakati wa kiangazi maji ya mto Katuma hupungua hadi viboko hubanana kwa mamia katika madimbwi machache, na tembo na nyati huvuka barabara kama wenye nyumba. Hakuna mwalimu mwenye busara atakayewapitisha vijana hapo bila kushauriana na askari wa hifadhi. Baadaye kuna mpando wa Lyamba lya Mfipa, ambako hata mwenye gia hushuka akausukuma.

Mbung'o pia hawapuuzwi. Mdudu huyu hukifuata kitu kinachotembea, na huvutwa na rangi nyeusi na buluu. Ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Waandaaji wa safari huwashauri washiriki wavae nguo za rangi hafifu. Ushauri ni mzuri, ila watoto wengi wa shule za msingi wanaopita njia za pori kila asubuhi huvaa sketi au kaptula ya buluu, kwa sababu ndiyo sare.

Vijana watajifunza mengine ambayo darasa halifundishi. Watajua kwamba kiraka na solisheni vina thamani kuliko miwani ya jua, kwamba tairi jembamba la mashindano halifai mchangani, na kwamba fundi aliye chini ya mwembe, mwenye bakuli la maji la kutafutia tundu la tyubu, anaijua kazi yake. Watapokewa vijijini kwa ukarimu wa ugali na karanga. Hayo yote yana faida kwa anayesafiri, na haifai kuyadharau.

Kipimo cha hisani hata hivyo ni kile kinachobaki timu inapoondoka, na hapo safari nyingi za hisani zina upungufu. Gari la kusindikiza, mafuta, fulana, mabango na hoteli ya usiku wa mwisho hula sehemu kubwa ya mchango kabla mtoto mmoja hajafaidika. Ipo njia rahisi ambayo haitumiki vya kutosha: timu iendeshe baiskeli imara za kubebea mizigo, zilezile zinazofaa barabara za Mpanda, na mwishoni mwa safari izikabidhi shuleni, kila moja kwa mwanafunzi aliyekwisha kuchaguliwa na kamati ya wazazi na walimu.

Kwamba baiskeli inaleta tofauti si jambo la kukisia. Mwaka 2006 jimbo la Bihar nchini India lilianza kuwapa wasichana wanaoingia sekondari fedha za kununulia baiskeli, na watafiti waligundua kwamba uandikishaji wa wasichana wa umri unaostahili uliongezeka kwa asilimia 32. Karibu zaidi na Katavi, nchini Zambia, wasichana wa shule za vijijini waliopewa baiskeli walipunguza muda wa njiani kwa takriban theluthi moja, na utoro wao ulipungua kwa asilimia 28. Huko Zambia baiskeli hutolewa kwa mkataba: mwanafunzi huitumia akiwa anasoma, na huwa mali yake akitimiza masharti ya masomo, hivyo mjomba hawezi kuichukua kwenda nayo mnadani. Aidha mafundi wa vijijini hufunzwa na vipuri huletwa karibu, kwa kuwa baiskeli iliyokatika mnyororo na kukosa mwingine huishia kuegemezwa ukutani na kuanikiwa nguo.

Mpanda mafundi wapo tayari, na stesheni ya reli ya kuteremshia vipuri ipo tangu mwaka 1950. Kinachohitajika kwa kila shule ya kata ni orodha ya wanafunzi wanaoishi mbali kuliko wote, majina ya wasichana yakiwa juu, na umbali wa kila mmoja ukiwa umepimwa kutoka mlango wa nyumba yao hadi lango la shule.